Kambi ya familia Ziwa Duluti
Dada, umeuliza pa kupiga kambi na watoto, karibu na maji, mkiwa na baiskeli. Nendeni Duluti, pale Tengeru, kama kilomita 15 kutoka Arusha kwa barabara ya Moshi. Bebeni mablanketi ya kutosha. Juni na Julai baridi ya usiku inauma, na asubuhi hema huwa limelowa umande chapachapa. Kulizunguka ziwa, tembeeni kwa miguu: njia ya msituni ni nyembamba, mizizi imejitokeza, na kenge hujianika palepale juani. Baiskeli zitawafaa mashambani, kati ya kahawa na migomba, huko mtafurahi kweli. Ila watoto wasiogelee, nakuomba sana. Hilo ni ziwa la kreta, lina kina kirefu. Ndizi na nyanya nunueni soko la Tengeru, Jumamosi.