Muulize aliyekaa mbele, si aliyeshika gitaa

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza hivi: ukiambiwa ubaki na amplifaya moja tu ya gitaa maisha yako yote, utachagua ipi, na kwa sauti gani? Nimelisoma swali hilo asubuhi nikaliacha, nikalirudia mchana, na sasa usiku umeingia nimeona heri niandike, maana majibu yatakayomiminika nayajua. Mmoja atasema Marshall, mwingine Vox, mwingine atasema yoyote ile mradi ina valvu, yaani zile taa za kioo za kukuzia sauti, na hatakosa wa kutukumbusha kwamba transista, vijisehemu vidogo vilivyochukua nafasi ya valvu, hazina roho. Kila mtu atataja jina la kampuni. Atakayetaja spika simwoni, na hilo ndilo linaloniuma.

Msimamo wangu ni kwamba amplifaya ya lazima haipo. Kuna spika, kuna sanduku lililoibeba, kuna mahali sanduku hilo lilipowekwa, na kuna mkono wa mpigaji. Jina lililoandikwa kwenye kitambaa cha mbele ni la mwisho kwenye foleni.

Ushahidi ninao. Mwaka 1962 jijini London, Jim Marshall, ambaye yeye mwenyewe alikuwa mpiga dramu na mwalimu wa dramu, aliona vijana waliofika dukani kwake wanatafuta mngurumo ambao haukupatikana kirahisi Uingereza. Akiwa na mafundi wake Ken Bran na Dudley Craven, waliichukua amplifaya ya Fender Bassman ya Marekani wakaifuata saketi yake karibu yote, ikatoka JTM45, babu wa Marshall zote. Ukiiweka michoro ya saketi hizo mbili mezani, asiye fundi haoni tofauti. Lakini ukizisikiliza, huwezi kuzichanganya. Transfoma zilikuwa tofauti, na baadhi ya valvu pia, sikatai. Ila jambo kubwa ni kwamba Bassman ilikuwa na spika nne za inchi 10 kwenye sanduku lililo wazi nyuma, na watu wa London wakaunganisha yao na spika nne za inchi 12 za Celestion kwenye sanduku lililozibwa. Kifua kile ambacho watu wamekipenda tangu hapo kilitoka kwenye mbao na karatasi za spika.

Kwa anayebisha kuna jaribio dogo. Chukua sauti ya gitaa iliyojaa mkwaruzo, iingize moja kwa moja kwenye spika za kusikilizia muziki nyumbani, bila kupitia spika ya gitaa wala programu inayoiigiza. Utasikia mlio wa nyuki wenye hasira. Spika ya gitaa haizijali sana sauti zilizo juu ya hetsi 5,000 hivi (mitetemo kwa sekunde), na upungufu huo ndio unaoufanya mkwaruzo uvumilike. Vox AC30 nayo, ile iliyotoka Dartford mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kazi ya Dick Denney, ina valvu nne za EL84 ambazo kila mtu anazisifia. Mimi naziheshimu. Lakini zitoe zile spika mbili za Celestion za buluu zenye sumaku ya alniko, uweke nyingine yoyote, halafu uniambie ile kengele ya juu imekwenda wapi.

Na hao wa transista hazina roho nawaomba waisikilize Roland JC-120, iliyotoka mwaka 1975. Haina valvu hata moja. Ndani mna amplifaya mbili za wati 60, kila moja na spika yake ya inchi 12. Ukiwasha korasi, ule mfumo wa kuinenepesha sauti, upande mmoja unatoa sauti kavu na upande wa pili unatoa sauti ile ile ikiwa imeyumbishwa kidogo, zinakutana hewani mbele yako. Hata Metallica, watu wa mngurumo mzito, kwa sauti zao safi wameitumia mashine hiyo. Mimi ni mpiga ridhimu. Ninachohitaji ni kila uzi wa kodi, zile noti zinazopigwa pamoja, usikike peke yake, usafi usioyeyuka hata nikikaza mkono, na kwa kazi hiyo JC-120 haijawahi kuniangusha.

Sasa niwasimulie kisa kilichonifikisha kwenye msimamo huu.

Katika bendi niliyokuwa nayo zamani, mwenzangu wa solo alikuwa na Fender Deluxe Reverb, ile ndogo ya wati 22 yenye spika moja ya inchi 12. Aliipenda mno, hakuruhusu mtu hata kuikalia. Tatizo ni kwamba kila tulipopiga, waliokaa mbele walilalamika kuwa solo inawachoma masikio, ilhali yeye aliyesimama hatua moja mbele ya amplifaya aliisikia butu, haina makali. Basi akaongeza trebo, yaani sauti za juu. Wiki iliyofuata malalamiko yakazidi, naye akaongeza tena. Mpiga besi akamwambia abadilishe spika, mimi nikasema abadilishe gitaa, fundi mitambo akasema ashushe sauti. Alishusha, solo ikapotea kabisa chini ya dramu.

Siku moja tukiwa mazoezini akaja mzee mmoja, mpiga solo wa siku nyingi, tuliyemwomba atusikilize. Alikaa nyuma kabisa ya ukumbi, mikono mapajani, hatuoni usoni kama anapenda ama anachukia. Tukapiga nyimbo kadhaa. Akainuka, ila hakuja jukwaani. Alikwenda akasimama mlangoni, kisha katikati, kisha pembeni karibu na ukuta, kila mahali anainamisha kichwa. Mwisho akaja akachuchumaa mbele ya amplifaya, sikio likitazamana na spika, akamwita mwenzangu.

"Mwanangu, njoo ukae hapa nilipo mimi. Gitaa mpe mwenzako."

Nikavishwa mkanda wa gitaa, mwenzangu akachuchumaa, nikagusa uzi wa kwanza. Alikunja uso akarudi nyuma.

"Mzee, hivi ndivyo wanavyoisikia wao?"

"Ndivyo. Wewe miaka yote hii unaisikiliza kwa magoti."

Sauti za juu hutoka kwenye spika kwa mstari mwembamba ulionyooka, za chini ndizo husambaa pande zote. Amplifaya iliyo sakafuni inampitishia mpigaji makali yote katikati ya miguu, yanakwenda kumpiga aliyekaa kiti cha mbele. Mzee hakutueleza hayo, tulikuja kuyasoma baadaye. Yeye alichofanya ni kuvuta kiti cha mbao, akaipandisha amplifaya juu yake, akaiegemeza nyuma kidogo ili spika itazame kichwa cha mwenye gitaa. Halafu akazishika nobu.

Deluxe Reverb haina nobu ya sauti ya kati. Ina besi na trebo tu, na saketi ya Fender kwa maumbile yake huchimba shimo katikati, pale pale ambapo gitaa linaishi. Mwenzangu alikuwa ameiweka besi kwenye 7 na trebo kwenye 8, sauti kwenye 3. Mipangilio hiyo aliitafuta nyumbani, kwa sauti ya chini. Fletcher na Munson walishaonyesha tangu mwaka 1933 kwamba sikio, sauti ikiwa ndogo, hupunguza za chini kuliko za kati, kwa hiyo kinachovutia chumbani hugeuka mvumo ukikipandisha ukumbini. Mzee akaishusha besi mpaka 2. Akaishusha trebo mpaka 4. Ukipunguza hizo mbili kwa pamoja, shimo la katikati linafukiwa lenyewe. Mwisho akaipandisha sauti mpaka 6, tukatazamana.

Nilipiga peke yangu, na kusema kweli haikupendeza. Ilikuwa sauti kavu ya katikatikati, haina mng'aro, haina kishindo. Mwenzangu alitikisa kichwa. Mzee akampungia mkono mpiga besi aingie, kisha dramu. Besi ilipoingia tu, kila kitu kikakaa mahali pake. Uzi mnene wa gitaa hutetema mara 82 kwa sekunde na wa besi mara 41. Gitaa na besi vilikuwa vikigombania chumba kimoja, na sasa gitaa limetoka. Solo ilisikika mpaka mlangoni, na haikumchoma mtu. Fundi mitambo, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alitoka kwenye meza yake akaja kutazama nobu zimewekwa wapi.

Ningeweza kuishia hapo, kwa sababu kisa hiki kinanithibitishia yote niliyosema: kiti cha mbao kilifanya kazi kuliko jina la Fender. Lakini kuna sehemu ya pili ambayo nikisimulia huwa naiacha, na nikiwa naiandika hapa naona hainiungi mkono.

Mzee alilichukua gitaa. Akapiga kipande kifupi kwa nyama ya dole gumba, sauti ikatoka safi, ya mviringo. Akakirudia kile kile kwa pleki, taratibu, na noti zikaanza kutoa jasho kwenye kingo. Akakirudia mara ya tatu kwa nguvu, na amplifaya ikanguruma, noti ikabanwa mwanzoni kisha ikafunguka yenyewe na kuvimba. Hakugusa nobu yoyote, hakukanyaga pedali. Kitambaa cha mbele kilikuwa kikitetema na ile taa nyekundu ndogo ikiwaka, na sisi sote tulikuwa tumenyamaza. Akapunguza sauti kwenye gitaa lenyewe kwa kidole kidogo, usafi ukarudi.

Kiti hakikufanya hivyo. Spika nayo, haikufanya hivyo peke yake. Valvu mbili za 6V6 zikifikishwa ukingoni mwa nguvu zake hazikati sauti ghafla, zinaibonyeza. Umeme wake hunyooshwa na valvu ya GZ34, nao hulegea kidogo ukipiga kwa nguvu na kurudi baada ya pigo, na ndiyo pumzi ile tuliyoisikia. Hata ile kapasita ndogo iliyofungwa kwenye nobu ya sauti, inayoongeza ukali sauti ikiwa chini, huisha nguvu kadiri unavyofungua, kwa hiyo kuipandisha mpaka 6 kuliongeza ujoto pamoja na sauti. JC-120 yangu ninayoitetea ukiipiga kwa dole gumba inatoa sauti safi ndogo, ukiipiga kwa nguvu inatoa sauti safi kubwa. Ni mashine ya kweli, haidanganyi, nami naipenda. Lakini haiujibu mkono hivyo.

Twin Reverb, ndugu mkubwa wa Deluxe kutoka Fender, isingefanya hivyo pia, si kwenye ukumbi ule. Ina wati 85, valvu nne za 6L6, na umeme wake hunyooshwa na dayodi badala ya valvu. Ili uifikishe mahali pa kutoa jasho, watu watakuwa wameshakimbia. Na tusidanganywe na wati: kutoka 22 hadi 85 ni kama desibeli 6 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), wakati sikio linahitaji karibu desibeli 10 ndipo liseme sauti imekuwa mara mbili. Tofauti kubwa kati ya hizo mbili ni mahali sauti inapoanza kupasuka.

Basi Mhariri, jibu langu, japo mwanzoni nimesema halipo, ni Deluxe Reverb. Besi 2, trebo 4, sauti 6, mwangwi kidogo usizidi 3, na mengine yote mkononi.

Jibu hilo lina masharti. Mwenye mpiga dramu mzito, au bendi yenye tarumbeta, ataiona inaishiwa nguvu pale anapotaka usafi, huyo achukue Twin na atafute wa kumsaidia kubeba. Anayetegemea pedali nyingi na korasi abaki na JC-120, wala asimsikilize mtu. Anayepigia chumbani asiwashe Deluxe kwenye 6, maana spika ya kawaida ya gitaa ikipewa wati 20 inafika desibeli 110 ukiwa mita moja. Kwake Kemper au Fractal, mashine za kidijitali za kuigiza amplifaya, na visikizio vitamfaa zaidi, na majirani watamheshimu. Na mpiga ridhimu kama mimi, kwa haki, kazi yake ya kila siku inafanywa na Roland. Nimeichagua Deluxe kwa kuwa mmesema maisha yote, na sidhani nitapiga ridhimu maisha yote.

Nikipewa hiyo moja, kitu cha kwanza nitakachoibadilisha ni spika. Spika yenye unyeti (sauti inayotoa kwa wati moja, ukiwa mita moja) wa desibeli 97 nikiiondoa nikaweka ya 100, nimepata sawa na wati mara mbili bila kugusa saketi. Na kiti cha mbao nitakuja nacho mwenyewe.

Msomaji wenu, mpiga ridhimu