Gitaa likikoroma, anzia kwenye jeki

Gitaa langu la umeme nililinunua likiwa limeshapita mikononi mwa watu, na huu ni mwaka wa tisa niko nalo hapa Moshi. Linapanda bodaboda kwenda mazoezi ya kwaya, linaegemezwa ukutani, linaanguka, linakula vumbi la Januari na baridi ya Julai, ile ya mlima kujificha wiki nzima. Limechakaa, lakini linalia. Wenzangu wakiniona na bisibisi wanadhani mimi ni fundi, kumbe yote nimejifunza kwa kuharibu.

Siku niliyoharibu vizuri ilikuwa Jumamosi, na kesho yake tuna ibada mbili. Nikichomeka waya, sauti inakuja na kukata. Nikisogea kidogo, spika inakoroma. Nikalipeleka kwa fundi mmoja mjini. Hakulifungua hata. Akasema pikapu zimekufa (namaanisha zile sumaku zilizoviringishiwa waya chini ya nyuzi, sio pikapu za kubebea ndizi), na bei aliyonitajia ilikaribia ile niliyonunulia gitaa zima. Nikarudi nalo nyumbani nimenuna. Kwenye meza ndipo nikashika jeki, pale waya unapoingia, nikaona inacheza. Nati imelegea, basi! Nikachukua plaisi, nikakaza. Nikaongeza kidogo. Sauti ikakata moja kwa moja.

Ukizungusha nati kwa nje bila kuishika jeki kwa ndani, jeki nzima inazunguka nayo. Nyuma yake kuna nyaya mbili nyembamba zimeshikizwa kwa risasi, nazo zinajisokota mpaka mmoja unaachia. Nikakimbilia kwa mzee mmoja anayetengeneza redio mtaani kwetu.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba. Umekaza nati kwa nje, eeh?”

Alikuwa bado hajafungua kitu, ameona tu jeki imekaa upande. Akafungua skrubu za kibati kinachoshikilia jeki, akanionyesha. Waya wa sauti unakaa kwenye ule ulimi mrefu uliopinda, unaogusa ncha ya pini, yaani ile ya mwisho wa waya unayoichomeka. Waya wa ethi unakaa kwenye ile pete ya kuzunguka. Ukizigeuza unapata mvumo mtupu. Akakwangua kutu, akapaka risasi mpya, akaukunja ule ulimi kidogo kwa ndani ili uibane pini. Dakika kumi hazikufika. Tangu siku hiyo, kabla ya kukaza nati natoa kwanza skrubu za kibati na kushika jeki kwa vidole.

Kwa hiyo sauti ikianza kukatika, badilisha waya kwanza, maana waya ndio unaokanyagwa kila siku. Kama bado, jaribu tundu lingine la amplifaya. Kama bado, tikisa pini ikiwa ndani ya jeki usikilize. Pikapu ziwe za mwisho kabisa kushukiwa. Ndani yake hakuna kitu kinachocheza, na mara nyingi zinaishi kuliko mwenye gitaa. Ila ukishika nyuzi ukahisi umeme unakutekenya, acha kupiga, chomoa kila kitu. Hapo tatizo liko kwenye amplifaya au soketi, na hilo ni la fundi umeme.

Nobu za sauti zikikwaruza, ni vumbi. Zungusha kila moja mwanzo hadi mwisho mara thelathini hivi. Zikirudia, tafuta dawa ya kupuliza ya kusafishia vifaa vya umeme, inayokauka yenyewe, upulize ndani ya kile kibweta cha nobu, sio juu yake. Mafuta ya cherehani weka mbali. Yanashika vumbi zaidi.

Sasa kutoka kwenye tuni. Wengi wanalaumu vigingi vya kukazia nyuzi. Wakati mwingine ni kweli, lakini sikiliza unapotuni: ukisikia “ting!” na noti ikaruka, uzi unakwama kwenye kile kipande cha plastiki au mfupa kilichoko kichwani mwa shingo, chenye vijifereji sita. Legeza uzi, uutoe kwenye kijifereji, sugulia humo penseli ya kawaida, urudishe. Ule unga mweusi unalainisha. Penseli ya mwanangu wa darasa la tatu imetuni magitaa matatu ya kwaya yetu.

Nyuzi zenyewe zifute kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, juu na chini, maana jasho ndilo linalozitia kutu. Mimi natumia seti nyembamba: uzi mwembamba kabisa una unene wa inchi 0.009, mnene kabisa 0.042. Kama gitaa lako lina briji ya kuelea (kile kipande kinachoshika nyuzi mwilini, kinachovutwa na springi kwa nyuma), badilisha uzi mmoja mmoja. Ukizitoa zote kwa pamoja, springi za nyuma zinaivuta briji, na jioni yako imeisha.

Kitufe cha mkanda kiliwahi kuchomoka katikati ya pambio, gitaa likatua sakafuni mbele ya waumini. Tundu la skrubu lilikuwa limetanuka. Nilijaza vijiti vitatu vya kuchokolea meno vilivyopakwa gundi ya mbao, nikakata vilivyozidi, nikaacha usiku kucha, asubuhi nikarudisha skrubu. Mpaka leo hakijatikisika.

Shingo inahitaji mkono mwepesi. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo) na kwenye freti ya pale shingo inapokutana na mwili, halafu chungulia freti ya saba. Nafasi ya unene wa karatasi mbili au tatu inatosha. Ikizidi sana, au ikikosekana kabisa, fimbo ya chuma ya ndani ya shingo inazungushwa robo mzunguko, unatuni, unapima tena. Ikikataa kuzunguka usiilazimishe. Ikikatikia ndani, gharama yake utaisimulia.

Mikwaruzo na rangi kubanduka niliacha kuhangaika navyo. Gitaa la Stratocaster la mwaka 1961 la Rory Gallagher, mpiga gitaa wa Ireland, lilibaki karibu mbao tupu na akaendelea kulipiga, na Fender wenyewe, kampuni inayoyatengeneza, wanauza magitaa mapya yaliyochakazwa makusudi, kwa bei kubwa. La kwangu nimechakaza bure.

Kuchakaa kunakoniumiza kuko kwenye freti. Ya pili na ya tatu zimeanza kuchimbika mifereji chini ya nyuzi nyembamba, na nikivuta noti nasikia mkwaruzo. Zinataka kusawazishwa kwa faili na jicho lililozoea. Faili ninayo, jicho bado, kwa hiyo linasubiri mtu wa kazi hiyo; kwa sasa solo zangu naanzia freti ya tano kwenda upande wa mwili.