Ngoma ya jukwaani inawavuruga wavuta kamba wangu

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nafundisha timu ya wanawake ya kuvuta kamba hapa Moshi. Mazoezini napiga ngoma na wanavuta kama mtu mmoja. Tukienda mashindanoni Uwanja wa Ushirika, mashabiki wakianza ngoma zao jukwaani, kila mtu anavuta kivyake. Je, niiache ngoma?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Usiiache. Ila ujue inafanya kazi gani.

Ukipaza sauti "Vuta!" bila dokezo lolote, huyu ataitikia baada ya sekunde 0.15, yule 0.25. Hapo nguvu imeshagawanyika. Mapigo yakija kwa nafasi sawa, ubongo hausubiri tena kusikia, unakisia pigo lijalo na kuuandaa mwili mapema. Mwambie mtu agonge meza kufuata mdundo: mara nyingi kidole hutua kabla kidogo ya pigo lenyewe. Faida yote ya ngoma iko hapo.

Sasa jukwaani. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ngoma iliyo mita 70 kutoka kwenu huwafikia imechelewa sekunde 0.2. Kwenye mpira wa miguu, ambako beki na mshambuliaji wako mbalimbali, hilo lingekuwa tatizo. Wavutaji wako wanane wamefuatana kwenye kamba moja, wanasikia karibu kwa pamoja. Kinachowaharibia ni ngoma ya wapinzani yenye mwendo wake, mwangwi, na shabiki aliyepandwa na mori anayezidi kuharakisha. Kamba inataka mwendo unaoendana na pumzi, na pumzi za wavutaji shabiki hazioni.

Kwa hiyo mdundo utoke kwenu. Simama kando ya kamba, ita "moja, mbili, vuta" kwa nafasi ileile hata mkizidiwa. Hapo ndipo makocha wengi huharakisha. Filimbi muachie mwamuzi.

Mazoezini piga ngoma kwa mivuto minne, kisha nyamaza kwa minne. Tazama kitambaa cha katikati ya kamba: wakivuta pamoja kinaruka mara moja na kutulia, wakiachana kinatetemeka. Kikianza kutetemeka, rudisha ngoma. Kisipotetemeka, ongeza mivuto ya kimya, wajifunze kuusikia mdundo viganjani, kwenye kamba yenyewe.

Wakishazoea, leta spika ifungulie muziki wa kasi nyingine kabisa pembeni, nawe uendelee kuita.