Muulize angali na nguvu zake

Ugomvi wa msibani mara nyingi haumhusu Mungu. Unahusu saa ya kuzika.

Kwetu Muheza, Waanglikana wa Magila na Waislamu wameoleana tangu enzi za mababu. Nyumba moja ina Yohana na ina Yahya, na pilau ya Idi na ya Krismasi wanaila pamoja. Shida huanza mtu akikata roho. Waislamu wanataka maiti ioshwe, ivishwe sanda na iswaliwe siku hiyohiyo ikiwezekana. Wakristo wanataka jeneza, misa, heshima za mwisho, na kaka aliyeko Mwanza asubiriwe. Yote hayo hayafanyiki kwa pamoja, na hapo kila mtu anakumbuka kwamba marehemu alikuwa wake.

Kwa hiyo muulize mzee wako mapema anataka azikweje. Baba yangu nilimuuliza tukipalilia mihogo. Alibatizwa utotoni, akasilimu alipooa, na dada zake hawakuwahi kulimeza hilo. Akajibu bila kuweka jembe chini: "Nizikeni Kiislamu, ila dada zangu msiwafukuze." Nikamwomba ayarudie maneno hayo mbele ya dada zake wenyewe na imamu wetu. Akayarudia, kwa kununa kidogo.

Usiridhike na kauli aliyokupa wewe peke yako. Wakenya wanamkumbuka S.M. Otieno, wakili wa Nairobi aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alisema mumewe alitaka kuzikwa karibu na Nairobi. Ukoo wa Umira Kager ukasema Mjaluo huzikwa kwao. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Rufani, ukoo ukashinda, na marehemu akazikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987. Miezi mitano mochwari, naye alikuwa mwanasheria!

Baba alipofariki, saa haikubishaniwa tena. Kilichobaki kilikuwa kaburi. Kwa desturi ya msikiti wetu wanawake hawaendi makaburini, na shangazi zangu walitaka kutia udongo kama wanavyofanya kwao. Imamu, aliyekuwa ameyasikia maneno ya baba kwa masikio yake, akasema waende wanaume watakapokuwa wameondoka. Wakaenda alasiri na padri wao. Wako waliolalamika. Waache walalamike, msiba usio na mlalamikaji sijauona.

Kinachouma zaidi ni maneno ya mkekani. Binamu yangu mlokole aliniambia wazi kwamba aliyekufa amekwisha hukumiwa, kumwombea ni kazi bure. Shangazi, Mwanglikana wa Magila, anawaombea marehemu kila misa. Shehe anafundisha kwamba baba yuko barzakhi, yaani kati ya kifo na ufufuo, na dua ya mtoto mwema inamfikia. Mimi naamini kuna maisha baada ya haya, lakini msibani sitetei hoja. Mtu akianza kumpangia marehemu wako mahali pa kukaa huko aliko, mpe chai, uhamie mkeka mwingine. Hulazimiki kumjibu, wala kuhudhuria kila kisomo ili kuwaridhisha watu. Mimi nilikaa kwenye hitima, na misa ya shangazi nikaingia nikakaa nyuma. Tambiko la ukoo sikwenda, na hakuna aliyenisusa.

Jambo moja zaidi la kumuuliza mzee, ambalo wengi wanaliona aibu: madeni. Katika Uislamu deni hulipwa kabla ya wasia na kabla ya mirathi, na kwetu hutangazwa palepale mazishini kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze. Shangazi walilisikia tangazo hilo, wakaridhika nalo kuliko yote yaliyosemwa siku ile. Andika majina na kiasi, muhusika aone, na mweke shahidi wa kila upande. Sisi tulikuwa na orodha hiyo. Aliyejitokeza akidai fedha za mbuzi hakuwemo, na mashahidi wawili, Muislamu na Mkristo, walimwambia hivyo kwa sauti moja.