Toa Sumaku Kwanza, Ndipo Tushangilie

Jumatano iliyopita nilipita maabara nikakuta vijana watatu wa mwaka wa nne wanapigiana makofi. Kivunaji chao, yaani koili na sumaku za kugeuza mtetemo kuwa umeme, kimefungwa juu ya meza ya mtikisiko, na kwenye oskiloskopu, skrini inayochora volti, wimbi limekaa vizuri kama picha ya kitabuni. "Kaka, volti moja nukta mbili!" Nikawauliza swali moja tu: mmeshatoa sumaku mkaangalia? Wakanitazama kama fundi gari aliyeambiwa ang'oe injini kisha ajaribu kuwasha.

Basi haya ni kwa wote mnaoanza projekti za kuvuna nishati ya mtetemo, pamoja na wale wachache mliokuja na wazo la sumaku kuelea juu ya superkondakta, kitu ambacho kikipozwa sana hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Nawapenda. Mnanichosha.

1. Nenda kwenye mashine na akselerometa, kile kipima mtetemo, kabla hujakata hata waya. Mota ya poli nne kwenye umeme wetu wa hezi 50 huzunguka chini kidogo ya mara 1,500 kwa dakika, kwa hiyo mtetemo wa mzunguko wake unakaa hezi 24 na kitu, si 25. Kivunaji chembamba cha rezonansi, yaani kinachoitikia masafa yake tu (idadi ya mitikiso kwa sekunde), ukikikosea kwa hezi moja tu, kinabaki pambo. Na ukiona mstari wa hezi 50 kamili, usioyumba hata chembe, tulia: huo ni waya wa TANESCO ukutani unakusalimia.

2. Toa sumaku. Hapa mnivumilie, nitakaa kidogo.

Mwaka wangu wa nne nilitengeneza kile kivunaji ambacho kila mtu hukitengeneza: bomba la PVC, sumaku mbili zimegandishwa kwenye ncha, ya tatu inaelea katikati kwa kusukumwa na zote mbili, koili nje. Watafiti Mann na Sims walishauchambua muundo huo mwaka 2009. Mimi nilidhani nauboresha. Koili niliizungusha kwa mkono, mizunguko 3,000, usiku mbili, mdogo wangu akinihesabia na kusinzia. Meza ya mtikisiko hatukuwa nayo. Tulichukua spika ya muziki ya inchi 12, tukagundisha kibao juu ya koni, tukaunganisha amplifaya.

Nikawasha. Milivolti 900, kilele hadi kilele. Nikapandisha masafa, umeme upo. Nikashusha, upo. Sasa sikilizeni ujinga. Kivunaji cha namna ile lazima kiwe na mahali kinapofurahi. Ukitoka hapo, umeme unaporomoka. Changu kilifurahi kila mahali. Mwenye akili angeingiwa na wasiwasi. Mimi niliandika kwenye bango, kwa herufi nyekundu, KIVUNAJI CHA MASAFA MAPANA, na nikaanza kuulizia BRELA, wakala wa usajili, utaratibu wa kuomba hataza, ile haki ya mvumbuzi.

Wiki mbili kabla ya kuwasilisha nilikipeleka kwenye mashine ya kusaga ya mtaani kwetu. Mama mwenye mashine alinikubalia nikifunge kwenye mota kwa sharti nisizuie foleni ya wateja. Nikapata milivolti 6. Nikakaza bolti: 6. Nikageuza bomba: 6, na unga kichwani. Nikajiambia mota ya mama huyu imefungwa vizuri mno, haitetemi vya kutosha. Akaniuliza, "Mwanangu, hiki kinawasha nini?" Nikamjibu kwamba kwa sasa bado hakijaanza kuwasha kitu.

Ukurasa wa vipimo vya siku ile sikuuweka kwenye ripoti. Naukiri leo kwa mara ya kwanza. Kupima vibaya ni jambo la kila wiki, hata sasa hunitokea. Lakini ule ukurasa ndio uliokuwa na kipimo pekee cha kweli katika miezi mitano, na mimi niliukunja nikauweka ndani ya kitabu cha hisabati. Wakati naukunja nilijua. Sikujua kosa liko wapi, ila nilijua lipo, na nilitaka alama.

Siku ikafika. Jopo la watu wanne. Watatu wakauliza ya kawaida: gharama, ukubwa, umeisoma kazi ya fulani? Wa nne alikuwa fundi mkuu wa karakana, mzee asiye na digrii. Nadhani waliomba aje ajaze kiti. Akasema, "Kijana, hebu toa hiyo sumaku ya katikati." Nikafungua kifuniko, nikaitoa, nikarudisha bomba tupu juu ya spika.

Milivolti 870.

Hakuna aliyesema neno, spika tu ndiyo iliyoendelea kunguruma. Spika nayo ni koili ndani ya sumaku, na uga wake wa sumaku ulikuwa unapenya moja kwa moja kwenye waya wangu. Nilikuwa sijavuna mtetemo wowote. Nilikuwa nimetengeneza transfoma mbovu. Ndiyo maana ya masafa mapana: transfoma haikuwa na haja ya rezonansi. Mzee hakucheka. Alisema, "Kiweke mbali na spika, tumia fimbo ndefu," akaandika kitu kwenye karatasi yake. Nilifaulu, kwa alama ambazo sitazitaja.

Vijana wa Jumatano walipotoa sumaku yao, volti 1.2 ikawa 1.1. Niliwanunulia soda.

3. Superkondakta. Huku nilikimbilia baada ya aibu ile, nikiwa na hoja nzuri kabisa. Mwanahisabati Earnshaw alithibitisha tangu 1842 kwamba sumaku za kudumu peke yake haziwezi kuelea zikatulia. Ndiyo sababu tunazifungia kwenye bomba, na bomba linasugua, linakula sehemu ya mavuno. Kipande cha YBCO, superkondakta ya kauri, cheusi kama mkaa, kikipozwa chini ya kelvini 92 hivi, kinaishika sumaku hewani bila bomba. Kigeuze juu chini, sumaku inaning'inia pale pale. Naitrojeni kimiminika ina kelvini 77, inatosha. Na naitrojeni nchini ipo, kwa sababu ya ng'ombe: wataalamu wa uhimilishaji huitumia kuhifadhi mbegu za madume, kama pale kituo cha taifa cha Usa River, Arusha. Lita zetu tulizipata kwa bwana mifugo mmoja aliyeuliza mara tatu kama kweli hatufugi.

Ilielea. Niliinama nikapitisha karatasi katikati, nikarudia, nikamwita kila aliyepita koridoni.

Kisha nikafanya hesabu niliyopaswa kuifanya kabla ya kumsumbua bwana mifugo. Lita moja ya naitrojeni ikichemka yote kwa saa moja, inakuwa imemeza joto la wati 45 hivi muda wote huo. Kivunaji changu kilikuwa kinatoa mikrowati. Ni kukodi lori kubeba nyanya moja. Wazo hili lina maana pale tu ambapo baridi imeshalipiwa kwa kazi nyingine, yaani ndani ya mashine ambayo tayari ina superkondakta zake. Kwa hiyo ukiniletea mchoro wa kihisi cha darajani chenye YBCO, nitakuuliza nani atamimina naitrojeni saa tisa usiku, na nitakaa kimya nisubiri jibu.

4. Sumaku iwekwe kabla ya kupoza, juu ya kijiti cha aiskrimu, ndipo umimine. Ukipoza kwanza, itakuchezea na kuteleza.

5. Ukimaliza, kausha YBCO kwa drayer ya nywele uihifadhi pakavu. Unyevu unaiharibu, na hatuna nyingine.

6. Daiodi, vile vipitisha umeme upande mmoja, zikiwa mbili za silikoni njiani zinakula volti 1.4. Tumia daiodi za Schottky, zinazokula kidogo, uache kulaumu kapasita inayohifadhi umeme wako.

7. Kila mwaka slaidi ya kwanza ina picha ya treni ya Shanghai, na maandishi "superkondakta" chini yake. Ile inaelea kwa sumaku-umeme za kawaida. Ya superkondakta ni ile ya Japani iliyofika kilomita 603 kwa saa mwaka 2015, na hata yenyewe huanza kwa magurudumu mpaka ishike kasi.

8. Lita moja ya naitrojeni inafuka kuwa karibu lita 700 za gesi isiyo na harufu, na gesi hiyo inasukuma hewa ya kupumua nje ya chumba. Madirisha wazi, viatu vya kufunika vidole, glavu pana zinazovulika haraka. Isiingie ndani ya gari lililofungwa vioo, isizibwe kwenye chombo chochote. Mtungi unafika Ijumaa. Nimesikia kuna aliyepanga kuufuata kwa bodaboda na kuufunga kwa mpira. Huyo aje aniambie mwenyewe, ana kwa ana. Na ile chupa ya chai yenye maua mekundu na kifuniko cha kuskrubu, iliyowekwa juu ya kabati "kwa ajili ya Ijumaa", mwenye nayo airudishe kwa mama yake leo kabla ya saa kumi.