Umeme wa pikipiki iliyonunuliwa mkononi: pima kwanza, ndipo ununue kifaa

Kijana anayeanza ufundi wa pikipiki huielewa injini mapema, kwa kuwa injini ina sauti, ina moshi na ina vipande vinavyoshikika. Umeme humchelewesha. Kwa kuwa hauonekani, wengi wetu tuliuanza kwa kubahatisha: tunabadili betri, ikishindikana tunabadili CDI (kiboksi kinachoamuru cheche ya plagi), ikishindikana tunabadili koili inayokuza umeme wa plagi, mpaka pikipiki iwake au mfuko wa mteja ukauke. Mimi nilifanya kazi hivyo kwa karibu miaka miwili, na haya ninayowaandikia ninyi mnaoanza ni mambo ambayo sikuambiwa na mtu siku niliposhika spana kwa mara ya kwanza.

Pikipiki mpya ina nyaya za kiwandani tu, lakini ile iliyonunuliwa mkononi ina nyaya za kiwandani pamoja na kila kilichoongezwa na waliotangulia kuimiliki: spotilaiti, redio, chaji ya simu, alamu, taa za kumetameta chini ya tangi. Kwa hiyo, kabla ya kushika mita ya kupimia umeme, vua siti na vifuniko vya pembeni, legeza tangi, kisha uangalie kwa macho kwa dakika kumi nzima. Tafuta mahali ambapo waya unabadilika rangi njiani, mahali palipozungushwa tepu nyingi kuliko kawaida, na soketi zenye kutu ya kijani. Ukikuta kiboksi kidogo cheusi kilichofichwa chini ya siti na kuungwa moja kwa moja kwenye betri, usikikate kwa haraka, kwa sababu pikipiki nyingi zilizowahi kutolewa kwa mkopo hufungwa kifaa cha kufuatilia mahali zilipo. Muulize mwenye pikipiki kama mkopo ulimalizika na kama ana hati. Hilo si suala la umeme, lakini ni wewe utakayeulizwa.

Rangi za nyaya zitakusaidia sana ukizijua. Katika pikipiki nyingi za Kichina zilizofuata muundo wa Honda CG125, waya wa kijani ni hasi, yaani ile ambayo mafundi tunaiita ethi. Mwekundu unatoka kwenye chanya ya betri. Mweusi ni umeme uliokwisha kupita kwenye swichi ya ufunguo. Mweusi wenye mstari wa njano unakwenda kwenye koili ya plagi. Na mweusi wenye mstari mweupe ni wa kuzimia injini. Rangi ya chungwa ni indiketa za kushoto, na buluu ya mpauko ni za kulia. Usizihamishie rangi hizi kwenye Bajaj au TVS, kwani wao wana utaratibu wao, na usiziamini hata kwenye pikipiki ya Kichina ikiwa umekwisha kuona dalili kwamba kuna mtu aliyekwisha kuunga nyaya zake upya.

Upimaji huanza kwenye betri. Betri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imepumzika saa kadhaa bila kuchajiwa, husoma kati ya volti 12.6 na 12.8. Ikisoma 12.0 imekaribia kwisha, japokuwa taa ya nyutro itawaka vizuri na kumdanganya mwenye pikipiki kwamba betri ni nzima. Kipimo cha kupumzika hakitoshi. Acha mita kwenye betri, bonyeza stata, na uangalie: ikishuka chini ya volti 9.5 hivi wakati betri ilikuwa imejaa, betri hiyo imechoka, hata kama iliuzwa mwezi uliopita. Na betri ya maji iliyopungua huongezwa maji safi yaliyotoneshwa, si asidi, maana kinachopotea kwa kuchemka ni maji, na asidi inabaki humo humo.

Jambo ambalo mita ya kidijitali itakudanganya, nami ilinidanganya mara nyingi, ni waya uliokatika kwa ndani. Waya wa nyuzi nyingi uliobakiwa na uzi mmoja tu bado unaweza kuonyesha volti 12 kamili kwenye mita, kwa sababu mita haivuti mkondo wowote wa maana. Ukiufungia mzigo, uzi ule mmoja unashindwa. Ndiyo sababu ninakushauri utengeneze taa ya kupimia kwa balbu ya breki ya wati 21, soketi yake na nyaya mbili zenye vibanio. Balbu hiyo huvuta karibu ampea 1.75, kwa hiyo mahali inapowaka kwa nguvu ndipo penye umeme unaoweza kufanya kazi, na mahali mita inaposema 12 huku balbu ikififia ndipo pa kufungua tepu.

Upande wa hasi ndio unaosahaulika kuliko wote. Mteja analalamika kwamba akiwasha indiketa taa ya nyuma nayo inametameta, au akikanyaga breki honi inakuwa hafifu. Dalili za namna hiyo, za kifaa kimoja kuvuruga kingine, karibu kila mara zinatokana na hasi mbovu, kwa kuwa umeme unaokosa njia yake ya kurudi hutafuta njia kupitia balbu ya jirani. Weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye bodi ya taa inayosumbua, kisha uiwashe taa hiyo. Kipimo kizuri ni karibu sifuri. Ukipata nusu volti au zaidi, tafuta boliti inayofunga waya wa hasi kwenye fremu. Mara nyingi utakuta fremu ilipakwa rangi baada ya keria kuchomelewa, na boliti ikakazwa juu ya rangi. Msasa na dakika tano vinamaliza kazi. Tukiwa hapo kwenye kuchomelea: chomoa waya wa hasi wa betri pamoja na soketi za CDI na regulata (kifaa kinachodhibiti volti za chaji) kabla fundi wa kuchomelea hajaanza, maana umeme wa mashine yake haubagui pa kupita.

Kuhusu chaji, pima kwenye betri yenyewe injini ikiwa inanguruma. Ukiongeza mafuta kiasi, kipimo kinapaswa kupanda mpaka kati ya 13.5 na 14.5. Kikipita 15, regulata haizuii tena, na utaona ushahidi wake: balbu zinaungua kila wiki na betri inakauka maji. Kikibaki 12 na kitu hata ukiongeza mafuta, usikimbilie kununua regulata. Chomoa soketi yake, weka mita kwenye mkondo geu (AC), na upime nyaya zinazotoka kwenye koili za magneti, yaani zile zinazozalisha umeme injini ikizunguka. Volti zikipanda kadiri injini inavyokwenda kasi, koili zinazalisha, na tatizo liko mbele yake. Pikipiki zenye nyaya tatu za njano zinapaswa kuonyesha kipimo kinacholingana kwa kila jozi, na hakuna hata mmoja kati ya nyaya hizo unaopaswa kugusana na bodi ya injini. Zile ndogo zenye koili ya njia moja huwa na ncha iliyofungwa kwenye bodi makusudi, kwa hiyo kanuni hiyo ya kugusana usiipeleke huko. Usipime chaji kwa kuchomoa betri injini ikiwa inawaka, ingawa utawaona wakubwa wakifanya hivyo: volti zinaruka ghafla na kuunguza vifaa vilivyokuwa vizima. Na katika pikipiki nyingi za bei ndogo taa kubwa hulishwa na magneti moja kwa moja, hivyo kuongezeka mwanga unapoongeza mafuta si ugonjwa.

Sasa niseme kosa langu. Niliwahi kuletewa pikipiki ya muundo wa CG, mwenyewe ni dereva wa bodaboda aliyeinunua kwa mwenzake, ikiwa inazimika njiani bila mpangilio. Niliangalia plagi, nikaona cheche hafifu siku ile, nikamwambia CDI imekufa. Akanunua. Pikipiki ikawaka, akaondoka, jioni akarudi akiisukuma. Nikabadili koili. Akarudi tena. Mara ya tatu nilimwomba aiache, nikaiwasha ikiwa juu ya stendi, nikaanza kuzungusha usukani polepole kutoka kulia kwenda kushoto. Ilipofika karibu na mwisho wa kushoto ikazima. Nikaiwasha tena, nikazungusha, ikazima mahali pale pale. Basi nikachomoa ule waya mweusi wenye mstari mweupe kwenye soketi ya CDI, nikawasha, nikazungusha usukani mara kumi, haikuzima.

Maana yake ni hii. Katika mfumo huo, injini huzimwa kwa kuugusisha waya huo na hasi. Kazi ya ufunguo ukiwa umezimwa ni kuviunganisha tu. Waya ukichubuka na kugusa fremu, injini inadhani umeizima. Nilifungua tepu kwenye shingo ya pikipiki, chini kidogo ya boksi la taa, nikakuta bano la chuma limekula gamba la waya hadi shaba inang'aa. CDI ya zamani ilikuwa nzima, koili ilikuwa nzima. Nilimrudishia fedha za vifaa vyote viwili, na tangu siku hiyo pikipiki isiyo na cheche naanza kwa kuchomoa waya wa kuzimia kabla ya kumtaja mtu CDI. Ukifanya hivyo kumbuka kwamba ufunguo hautaizima tena injini. Ingiza gia ya juu, kamata breki, uachie klachi taratibu.

Shingo hiyo ndiyo sehemu inayojeruhi nyaya kuliko zote, kwa kuwa usukani unazikunja maelfu ya mara kwa siku za kazi. Zinazofuata ni nyaya zinazopita chini ya tangi na zile za taa ya nyuma zinazobanwa na keria.

Fyuzi inayoungua kila ukiweka inataka uvumilivu, si waya wa shaba wala karatasi ya sigara, ambavyo nimevikuta mahali pa fyuzi zaidi ya mara moja, kimoja kati yake kikiwa kimeshaunguza nyaya zote hadi kwenye swichi. Toa fyuzi, na mahali pake funga ile balbu yako ya wati 21. Kama kuna shoti, balbu itawaka kwa nguvu na hakuna kitakachoungua. Chomoa soketi moja baada ya nyingine, tikisa nyaya, zungusha usukani. Balbu ikififia au kuzima ghafla, umeligusa tatizo. Fyuzi mpya iwe na ampea zilizoandikwa kwenye boksi lake, bila kuongeza.

Kwa betri inayolala usiku na kuamka imekufa, zima ufunguo, chomoa hasi, weka mita kwenye ampea kati ya waya wa hasi na nguzo ya betri, na usithubutu kubonyeza stata mita ikiwa hapo. Pikipiki isiyo na vya kuongeza husoma karibu sifuri. Ukipata miliampea 20, fanya hesabu: kwa saa 24 hizo ni karibu ampea-saa 0.48, kwa hiyo betri ya ampea-saa 5 itakwisha kwa takriban siku kumi ikiwa pikipiki haitembei. Ukipata miliampea 500, haitaona asubuhi ya pili. Chomoa vilivyoongezwa kimoja kimoja hadi namba ishuke. Katika uzoefu wangu, chaji ya simu iliyofungwa moja kwa moja kwenye betri ndiyo mshtakiwa wa kwanza.

Ukishapata mahali pabovu, unga waya kwa risasi ya kuyeyusha au kwa kibanio kinachofaa, vika mpira wa kubana kwa moto, kisha uufunge mbali na shingo, ekzosi na ncha za fremu. Tepu peke yake juu ya nyaya zilizosokotwa kwa mkono haitavuka msimu mmoja wa mvua. Andika vipimo vyako kwenye kipande cha karatasi, volti za betri ikiwa imepumzika, wakati wa stata na wakati wa chaji, umpe mwenye pikipiki nakala na nyingine ubaki nayo.