Jibu kwa mjomba kuhusu nyumba za kaunsili

Mjomba, shikamoo. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara tatu ndani ya basi nikitoka zamu ya usiku, na nimeona nikujibu kwa maandishi kwa kuwa jambo lenyewe ni refu. Unasema kijana wetu amepata chuo huku Uingereza, kwamba karo ya mwaka wa kwanza mmeipata kwa kuuza kiwanja cha Pongwe, na kwamba hata mambo yakimwendea kombo, serikali ya huku itampa nyumba na posho "kama ilivyokupa wewe". Hilo la mwisho ndilo lililonikosesha usingizi, kwa sababu nyinyi hamkulizua. Limetokana na ukimya wangu.

Nianze na linalomhusu yeye. Mtu anayekuja kwa viza ya masomo au ya kazi huingia kwa sharti kwamba hana haki ya kutumia fedha za umma. Msingi wa sharti hilo ni sheria ya uhamiaji ya mwaka 1999, na maana yake ni kwamba hapati nyumba ya halmashauri (ndiyo hiyo kaunsili), hapati posho ya kodi ya nyumba wala ya watoto, hata kama anafanya kazi na kukatwa kodi ya mapato kila mwezi. Hospitali ataanza kuilipia kabla hajapanda ndege, pauni 776 kwa kila mwaka wa viza ya mwanafunzi. Akikwama, watakaomsaidia ni watu wa msikitini na sisi ndugu zake. Mimi nilistahili kwa sababu nina ukaazi wa kudumu, nilioupata baada ya miaka mingi ya kubeba maboksi na kulipia makaratasi.

Sasa nikueleze nilichostahili ni kitu gani. Nyumba ya kaunsili ni kama ile nyumba ya Msajili aliyopanga babu pale Tanga: mwenye nyumba ni chombo cha umma, kodi ni nafuu, na mpangaji hafukuzwi kwa sababu tu kapatikana mwingine mwenye fedha zaidi. Waingereza walijenga nyumba za namna hiyo kwa wingi baada ya vita, kisha sheria ya mwaka 1980, wakati wa Margaret Thatcher, ikawapa wapangaji haki ya kuzinunua kwa punguzo kubwa. Katika England pekee zimeuzwa takribani milioni 2, na zilizojengwa kuziba pengo ni chache mno. (Wewe uliyelalamika sana nyumba za serikali zilipouzwa kwa watumishi enzi za awamu ya tatu utanielewa haraka.) Nyingi kati ya hizo sasa zimo mikononi mwa watu binafsi wanaozipangisha kwa bei ya soko, na hutokea halmashauri ikamkodia mtu wake, kwa bei ya kuumiza, nyumba iliyowahi kuwa mali yake yenyewe. Ndiyo maana orodha ya wanaosubiri katika England ina kaya zaidi ya milioni 1.3, na mwaka 2025 kaya zaidi ya 130,000, zenye watoto zaidi ya 160,000, zilikuwa katika makazi ya muda.

Mimi na wanangu wawili tumo katika hesabu hiyo. Novemba 2022 mwenye nyumba wetu alinipa notisi ya miezi miwili bila kutaja sababu, jambo ambalo sheria ya wakati ule ilimruhusu. Nilipokwenda halmashauri, niliambiwa nisitoke mpaka waje madalali wa mahakama, kwani nikiondoka kabla naweza kuhesabiwa kuwa nimejikosesha makazi kwa makusudi. Basi nikakaa miezi minne na mabegi yakiwa yamefungwa karibu na mlango, nikishtuka kila kengele inapolia. Walikuja mwezi wa Machi, na siku hiyo hiyo tukapelekwa hotelini.

Ile picha ya watoto wamesimama kando ya chombo cha maua, ambayo wewe uliniandikia "mmehamia pazuri", ilipigwa mapokezi ya hoteli hiyo. Nilikujibu "Alhamdulillahi" na sikuongeza neno. Juu, chumba kilikuwa kimoja, kitanda kikubwa na kingine cha kukunja, na kupika kulikatazwa. Ramadhani ilitukuta humo. Nilinunua sufuria ya umeme ya kupikia wali, nikaificha kabatini chini ya majoho, na ikikaribia magharibi naiwasha bafuni, mlango nimeufunga na taulo nimelikandamiza chini ya mlango ili mvuke usiamshe king'ora cha moshi. Watoto walifuturu wali wa nazi ya kopo wamekaa kwenye ukingo wa bafu, mkubwa ameshika sahani mbili, na dirisha tumeliacha wazi kwa baridi ili harufu itoke. Sheria inasema familia yenye watoto isiwekwe katika malazi ya hoteli ya namna hiyo zaidi ya wiki 6. Sisi tulikaa 19.

Kisha wakanipa nyumba katika mji ulio mwendo wa saa mbili kwa treni, na barua ikaeleza kwamba nikiikataa watakuwa wametimiza wajibu wao kwangu. Nikakubali, nikapoteza kazi niliyoizoea, na mwanangu mkubwa akabadilishwa shule ikiwa imebaki miezi michache afanye mitihani. Mpaka leo nyumba hii inaitwa ya muda. Kila wiki nafungua tovuti ya nyumba zilizo wazi na kubonyeza ninayoitaka. Wiki iliyopita nilikuwa mtu wa 214 kwa nyumba moja.

Kuhusu hiyo posho, malipo ya kwanza huchukua wiki 5, na ukiomba ulipwe mapema, huo ni mkopo unaokatwa kidogo kidogo. Ukishaanza kufanya kazi, baada ya kiasi fulani wanaipunguza posho kwa peni 55 kwa kila pauni 1 unayoipata. Fungu la kodi ya nyumba liligandishwa kuanzia 2016 hadi 2020, likagandishwa tena baadaye, ilhali wenye nyumba hawakugandisha chochote. Umeme nalipia kabla ya kutumia, kama LUKU, na fedha niliyotuma ya dawa za bibi mwezi wa Januari ilitoka humo; tulivaa makoti ndani kwa siku sita. Sisemi hakuna msaada wowote, kwani mtoto wangu mdogo ametibiwa pumu mara nyingi bila kuulizwa senti, na hilo nalishukuru, ingawa daktari mwenyewe alisema inachochewa na ukungu mweusi ulio ukutani juu ya kitanda chake.

Mjomba, sikuzuii kumleta kijana, na kiwanja kimeshauzwa. Ninachoomba ni kwamba kabla hajaondoka mhakikishe ana fedha ya chumba ya mwaka mzima, mbali na karo, na mkataba wa chumba hicho uwe umesainiwa. Tafadhali umweleze pia kwamba nitampokea uwanja wa ndege na nitampikia, lakini kulala kwangu hataweza hata usiku mmoja, kwa sababu mkataba wa nyumba hii unakataza mgeni kulala, na mkaguzi huja bila kupiga hodi.